Walipoona nyota saa tano asubuhi

Yote yalianza kwa swali. Binti yangu, ambaye yuko Gredi ya Nne, aliinua uso kutoka kwa daftari lake jioni moja akaniuliza, "Baba, nyota ziko ngapi?" Nikamwambia atoke roshani akazihesabu mwenyewe. Haikupita dakika mbili akarudi. "Ni tatu," akasema, "na moja inatembea."

Hiyo iliyokuwa ikitembea ilikuwa ndege ikielekea Uwanja wa Jomo Kenyatta.

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Mimi nililelewa Mwingi, ambako usiku usio na mwezi nyota hutapakaa angani kama mtama uliomwagika uani. Mamangu alizisoma jinsi watu wengine wanavyosoma kalenda. Alichokitafuta hasa ni kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana ambacho kwa Kiswahili huitwa Kilimia, jina lililotokana na kulima. Kilipoanza kuchomoza mashariki mapema usiku, mnamo Oktoba na Novemba, alijua mvua ya vuli haiko mbali, na majembe yakanolewa. Mambo hayo yote niliyajua. Hata moja sikuwa nimemwambia mwanangu.

Kwa hivyo barua ilipotoka shuleni mwezi wa Februari, ikiomba wazazi wawili waandamane na watoto hadi kwenye planetariamu, yaani jumba la nyota, nilikuwa wa kwanza kujitolea.

Tuliondoka asubuhi na mapema, wanafunzi arobaini na wawili ndani ya basi moja. Kila mtoto alikuwa na chupa ya maji na chakula chake, na kabla hatujatoka kwenye msongamano wa magari nusu ya mayai ya kuchemsha yalikuwa yamekwisha. Mvulana mmoja aliyekaa nyuma yangu alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba tunaenda sinema. Mwingine alibisha kwamba tunaenda kupanda roketi.

Msomaji, ikiwa hujawahi kufika mahali kama hapo, picha ni hii: ni chumba chenye dari la mviringo kama bakuli lililofunikwa. Taa huzimwa, na mtambo ulio ndani humulika nyota kwenye dari hilo jinsi zinavyokaa angani. Wahandisi wa kampuni ya Zeiss huko Ujerumani ndio waliounda mtambo wa kwanza wa aina hiyo, nao ulionyeshwa mnamo 1923. Johannesburg ilipata jumba lake mnamo 1960. Kuba tulilozuru hapa Nairobi limejengwa kwa mianzi. Ni kazi ya shirika la Travelling Telescope, lililoanzishwa mnamo 2014 na Mkenya Susan Murabana pamoja na mumewe. Shirika hilo pia limekuwa likizunguka mashuleni na darubini yake kubwa, pamoja na hema la kujazwa hewa linalofanya kazi ya jumba la nyota.

Tuliingia ndani saa tano asubuhi, jua likiwaka nje. Mlango ulipofungwa, giza lilikuwa zito, na mkono wa binti yangu ukatafuta wangu. Kijana aliyetuongoza alianza kwa kutuonyesha anga ya Nairobi kama ionekanavyo usiku wa kawaida. Nyota zilikuwa chache mno, hata watoto wakaanza kunong'ona kwamba hata nyumbani wanaziona hizo.

"Sasa," akasema, "tuzime taa zote za jiji."

Sitasahau sauti iliyotoka vinywani mwa watoto wale. Nyota zilimiminika kutoka pembe hadi pembe, na katikati yake ukapita ule mkanda mweupe wa Njia ya Maziwa. Yule mvulana wa sinema alisimama wima bila kujua kwamba amesimama. Mwalimu mwenyewe, ambaye amezaliwa na kukulia Eastlands, alinyamaza kimya.

Kiongozi wetu alieleza kwamba nyota hazijahama Nairobi. Mwanga wa taa za barabarani na majumbani hupanda juu, hugonga vumbi na unyevu ulio hewani, kisha hutawanyika na kuifanya anga yote ing'ae kijivu. Nyota hafifu humezwa humo.

Akawaonyesha Sirius, nyota ing'aayo kuliko nyingine zote za usiku. Mwanga wake husafiri kwa zaidi ya miaka minane kabla ya kutufikia. "Mwanga mtakaouona leo jioni," akawaambia, "ulitoka huko mlipokuwa wachanga." Watoto wakatazamana.

Akasema pia kwamba sisi tunaokaa karibu na Ikweta tumebahatika. Mtoto wa London hauoni kamwe Msalaba wa Kusini akiwa kwao, na wa Cape Town hawezi kuliona kundi la Dubu Mkubwa likiwa zima. Mtoto wa Nairobi huona yote mawili. Tena mnamo Disemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti hiyo ikaitwa Uhuru.

Kisha mshale wake wa mwanga ukatua juu ya kikundi kidogo cha nyota. "Hiki ni Kilimia," akasema.

"Baba, unakijua?" binti yangu akaninong'oneza.

"Ninakijua. Nyanya yako ndiye aliyenionyesha."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mbona wewe hukunionyesha?"

Sikuwa na jibu. Nilishukuru kwamba kulikuwa na giza.

Likizo fupi ya katikati ya muhula ilipofika nilimpeleka Mwingi. Usiku wa kwanza, baada ya chakula cha jioni, alimshika nyanya yake mkono akamtoa uani. Macho ya mamangu yameingia ukungu miaka hii. Nyota hazioni tena. Alikaa kwenye kigoda akauliza, "Kilimia kiko wapi?"

"Kiko juu, upande wa magharibi, nyanya."

"Nyota zake zote saba zipo?"

Mtoto alihesabu kwa muda mrefu. "Mimi naona sita."

"Basi unaona sawasawa," mamangu akasema. "Ile ya saba hata mimi ilinishinda." Wakacheka wote wawili, na mzee akaanza kumweleza habari za mvua na majembe, nami nikisikiliza mlangoni.

Wazazi wenzangu, shule ikiandaa ziara kama hii msilalamike kwamba ni upotevu wa wakati. Lakini kazi isiachwe mikononi mwa mwalimu na mtambo. Mtoto akirudi, mpelekeni ushago au mahali popote penye giza, usiku ambao mwezi haujatoka. Darubini si lazima. Macho yatamtosha, baada ya dakika ishirini hivi za kulizoea giza. Na kama nyumbani kuna mzee aliyezijua nyota kabla ya taa za umeme kufika, mketisheni karibu na mtoto huyo. Jumba la nyota tutalikuta hata mwakani. Mzee hatakuwepo siku zote.