Niliomba Supu Beijing, Nikaletewa Sukari!

Wengi mkisikia fulani yuko majuu mnajua kazi yake ni moja tu, kuponda raha. Msomaji, ngoja nikupe ukweli: wiki yangu ya kwanza Beijing nilishindia biskuti. Na si kwamba sikuwa na hela. Nilikosa ulimi.

Nilitua pale Septemba 2018, kijana wa miaka 20, nimemaliza kidato cha sita, nina begi moja na sweta la mtumba. Mpango ulikuwa mwepesi kuusema: mwaka mmoja wa Kichina, halafu mtihani unaoitwa HSK. Ukifaulu daraja la nne unaingia chuo, ukikosa unafunga virago. Mzee alikuwa ameuza kiwanja chake cha Chanika ili nipate nauli na ada. Sasa we fikiria nirudi mikono mitupu!

Siku za mwanzo ni karatasi tu. Ndani ya saa 24 uwe umeandikishwa polisi. Unakwenda kupimwa afya, damu na picha ya kifua. Ndani ya siku 30 uwe umeomba kibali cha kuishi. Madukani watu walishaanza kusahau noti, wanalipa kwa simu, WeChat au Alipay. Kwa Mbongo aliyekulia kwenye M-Pesa hilo halikunipa taabu. Kasheshe ilikuwa lugha.

Kichina kina sauti nne. Chukua neno "ma". Ukilitamka juu bila kuyumba, ni mama. Ukipandisha, ni katani. Ukishusha kisha ukapandisha, ni farasi. Ukishusha kwa kishindo, ni kutukana! Sasa sisi Waswahili tukiomba kitu kwa wasiwasi, sauti inapanda yenyewe mwishoni. Kwetu ni adabu. Kule umeshabadili neno.

Ndipo yakanikuta. Jioni ya tatu, njaa inauma, nikaingia mgahawa mmoja nje ya geti la chuo. Nilitaka supu. Supu ni "tang", sauti ya juu iliyonyooka. Mimi kwa woga nikaipandisha, "tang?" Dada akaitikia, akaenda, akarudi na kisosi cha sukari. Kumbe tang ya kupandisha ndiyo sukari! Meza ya jirani wakaangua kicheko. Nikala kona, nikarudi kwenye biskuti zangu.

Tangu siku hiyo nikajificha. Bwenini tulikuwa Wabongo watatu, Mrundi mmoja na jamaa wawili wa Lubumbashi. Kiswahili asubuhi mpaka usiku, ugali, Bongo Fleva, stori za nyumbani. Raha bwana! Mpaka Novemba, jaribio la darasani likarudi: 38 kwa 100. Mwalimu wetu, mama mtu mzima, akaniita pembeni akasema polepole nielewe: ukiendelea hivi, Juni hufaulu.

Usiku ule Mzee akapiga simu. "Kichina kinapanda?" akauliza. "Kinapanda, baba." Uongo mtupu. Nikakesha nakodolea dari, naona kile kiwanja.

Kesho yake jioni baridi inatafuna masikio, nikanusa harufu ninayoijua: viazi vitamu vya kuchoma! Mama mmoja alikuwa na pipa la chuma juu ya baiskeli ya magurudumu matatu. Nikamsogelea, nikamwita "ayi".

Neno hilo tulishafundishwa: mwanamke wa rika la mama yako mwite ayi. Lakini maana yake halisi ni nini? Mama mdogo! Kumbe Wachina ni kama sisi, ndugu hawachanganyi. Mdogo wake baba ni "shushu", kaka yake mkubwa ni "bobo", dada wa baba ni "gugu", kaka wa mama ni "jiujiu". Mwingereza hao wanaume wote anawaita jina moja tu. Mchina anajua huyu baba mdogo na yule mjomba. Na kama sisi, hata mtu baki barabarani anampa jina la undugu.

Basi nikamwambia mama mdogo wangu nataka kununua kiazi. Nikakosea sauti, nikasema nataka kuuza! Akacheka mpaka akashika pipa. Ila kicheko chake kilikuwa cha mama mdogo. Akachukua koleo la viazi, akachora hewani: "mai" ya kushuka na kupanda, kununua, "mai" ya kushuka moja kwa moja, kuuza. Akanirudisha mpaka nikapatia, ndipo akanipa kiazi.

Nikawa mteja wa kila jioni. Kiazi kimoja, dakika kumi za maneno, anauliza habari za nyumbani, ananisahihisha kwa koleo. Viazi vilipoisha msimu, nikahamia kwa shushu muuza matunda. Washikaji bwenini wakanitania eti nimehama ukoo.

Juni nikafanya mtihani. Alama za kufaulu wakati ule zilikuwa 180 kwa 300. Nilipata 187. Zile saba za juu ni za mama wa viazi, sibishani na mtu.

Kwa hiyo wewe unayefunga begi, wenzako wa nyumbani wapende, lakini usijifungie nao. Na ukichekwa usikimbie kabla hujajua anayecheka ni nani.

Siku ya matokeo nilirudi kwenye ule mgahawa. "Tang," nikasema, juu, imenyooka. Supu ya nyanya na yai ikaja inafuka moshi. Ila chumvi haikukolea. Chumvi ni "yan", na nilijua ukiinyoosha juu unaletewa sigara. Nikavuta pumzi, nikapandisha sauti kama ninayeomba. Chumvi ikaja.