Vanishi, mvuke na kabati la mama

Nimepotea hapa kwa muda. Nilikuwa nyumbani Kianjai, na safari hii kilichoninyima usingizi si programu, ni kabati la jikoni.

Mwaka jana nilimtengenezea mama kabati la mbao za mukima, ule mti ulio pembezoni mwa karibu kila shamba kwetu. Kama kawaida yangu, nilikaa wiki mbili kwenye intaneti nikilinganisha vanishi, vile ninavyolinganisha hifadhidata kabla ya mradi. Nikachagua poliyurethini ya mafuta, nikapaka upande wa mbele mara tatu, nikapiga picha, nikarudi Nairobi.

Mvua za Aprili zikaja. Mama akichemsha githeri, jikoni hujaa mvuke. Milango ikapinda, droo ikavimba na kukwama. Ndani ya droo hiyo ndimo alimoweka dawa zake za presha. Siku mbili hakumeza dawa, wala hakuniambia. Nilisikia kwa jirani. Nilipofika akasema, "Sikutaka uone kazi yako imeharibika." Nikakosa jibu.

Nikamwita fundi mmoja mzee. Vanishi yangu hakuitazama hata kidogo. Alifungua mlango, akapapasa mgongo wake. "Huku ulipaka nini?"

Sikuwa nimepaka kitu. Nyuma kunaonwa na nani?

Jamani, ni sawa na kuweka nywila kwenye ukurasa wa mbele na kuacha seva wazi. Mbao hunywa unyevu wa hewani zikavimba, zikautoa zikasinyaa. Upande uliopakwa hunywa polepole, ulio mtupu hunywa haraka, basi ubao unapinda. Ncha zilizokatwa ni mbaya zaidi, maana pale mishipa ya mti iko wazi kama mirija.

Na hakuna vanishi inayozuia unyevu kabisa. Maabara ya mazao ya misitu ya serikali ya Marekani, iliyoko Madison, Wisconsin, ilihamisha mbao zilizopakwa kutoka hewa yenye unyevu wa asilimia 30 hadi asilimia 90. Mafuta ya kitani, yanayosifiwa sana, yalizuia karibu bure. Nta ya parafini ilifanya vizuri mno, lakini nani anataka kabati la nta kando ya jiko? Poliyurethini inafaa, ila mpako mmoja hausaidii sana. Ni wa pili na wa tatu unaoleta tofauti.

Tulisubiri mvua ziishe, tukakausha milango ndani ya nyumba wiki tatu. Nikapiga msasa, nikapaka mpako wa kwanza uliozimuliwa kwa tapentaini, kisha miwili mingine, mbele na nyuma, ncha zikipata zaidi. Droo tuliipiga randa kidogo, tukasugua mshumaa inapoteleza. (Vitambaa vyenye vanishi ya mafuta msivirundike, vinaweza kushika moto vyenyewe. Vyangu nilivianika kwenye kamba ya nguo, nikagombezwa.)

Mvua za Oktoba zimepita. Mlango mmoja bado umepinda kidogo, nimeuacha. Droo inafunguka kwa kidole. Lakini dawa mama alishazihamishia kwenye mkebe wa majani chai, juu ya kabati. Anasema mkebe haukwami.