Jumamosi na dogo

Wadau, Septemba 2022, Panya Road walipoitikisa Dar, mimi nilikuwa nahesabu waliokamatwa, naandika, nalala. Jina la kijana hata mmoja silikumbuki.

Siku hizi kila Jumamosi nakaa na dogo wa kidato cha pili, mtoro sugu. Mwalimu wake ndiye aliyeniomba. Simhubirii. Tunakula chipsi mayai, tunafanya hesabu (zimenitoka zote, aibu kwa msomi!). Mwaka 1904 kule New York, karani wa mahakama ya watoto, Ernest Coulter, aliwaomba wanaume wa mjini kila mmoja awe rafiki wa mtoto mmoja. Ni hivyo tu.

Jumamosi iliyopita nilibanwa na kazi, sikwenda. Leo kaniuliza: "Kaka, na wewe umeanza utoro?"

Sikuwa na jibu.