Mimi, Yeye na Upepo wa Mille Lacs

Tulikwenda kutafuta samaki na siku tatu za kukaa wawili. Ziwa likatupa somo ambalo hata kungwi hakuwahi kunipa.

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kukorofishana na mwenzi wako katikati ya maji, ndani ya mashua ya futi 16, bado hujamjua. Nyumbani mtu akinuna huingia chumbani akafunga mlango. Mashuani ataenda wapi?

Sisi tunaishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani. Mimi ni mtoto wa Pangani, mume wangu ni wa Moshi. Yeye alikuwa akifanya kazi usiku, mimi mchana. Kwa miezi tukawa tunaonana mlangoni tu, mmoja akivua viatu na mwingine akivaa. Hatukuwa tumegombana, la hasha. Tulikuwa tumenyamaza, na kimya chenyewe kilikuwa kimeanza kuzoeleka, si unajua tena. Basi Mei mwaka jana nikasema liwalo na liwe: tunaomba siku tatu, simu za kazini zinazimwa, tunakwenda ziwani.

Ziwa la kilomita za kutosha

Minnesota hujiita nchi ya maziwa 10,000, na hapo wamejishusha. Hesabu ya jimbo ni maziwa 11,842 yenye ekari 10 au zaidi. Mille Lacs ni mojawapo ya makubwa. Unashika barabara ya 169 kutoka Minneapolis, kilomita kama 160 kwenda kaskazini, halafu ghafla misitu inafunguka na unaona maji matupu mbele yako. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 536. Mbele ya Ziwa Victoria, lenye zaidi ya 68,000, hicho ni kidimbwi. Lakini simama ufukweni uone: ng'ambo ni mstari mwembamba tu.

Wenyeji wa asili, Waojibwe, huliita Misi-zaaga'igan, yaani ziwa kubwa. Wapo hadi leo upande wa magharibi, na mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha haki yao ya kuwinda na kuvua, waliyojiwekea katika mkataba wa mwaka 1837. Jumba lao la makumbusho liko kando ya barabara, msilipite. Mbele kidogo, mji wa Garrison una sanamu kubwa ya walleye, samaki ambaye watu wa huku wanampenda kama sisi tunavyompenda changu. Kila mgeni hupiga picha pale. Nasi tulipiga.

Kilichonifurahisha zaidi ilikuwa leseni. Minnesota wanauza leseni ya kuvua ya wanandoa, moja kwa mume na mke. Mume wangu akaiangalia, akasema, "Unaona? Hata serikali inajua tuko pamoja." Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile.

Utulivu wa uongo

Mashua tulikodi kwa mzee mmoja mwenye vibanda vya wageni kwenye ufukwe wa magharibi, kusini ya Garrison. Ya alumini, nyepesi, mashine ya nguvu ya farasi 20 imefungwa nyuma, unaiongoza kwa mkono. Mzee alituonyesha kibao kidogo kilichobandikwa ndani: watu wangapi, uzito gani, mashine isizidi nguvu gani. Halafu akatuonyesha kizibo cha tundu la nyuma. Sheria ya jimbo inataka ukitoa mashua ziwani ukichomoe, maji yote yatoke, usije ukahamisha viumbe waharibifu kutoka ziwa moja hadi jingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla ya kushusha mashua ni kukirudisha. "Wanaosahau," alisema, "hukumbuka miguu ikilowa."

Tukiwa tunaondoka akaongeza: "Upepo sasa ni wa kusini-magharibi. Baadaye utageukia kaskazini-magharibi. Muwe mmerudi." Mume wangu akatikisa kichwa, kile kichwa cha mwanaume anayeitikia bila kusikia.

Pale ufukweni maji yalikuwa kama kioo. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Upepo unapotoka nchi kavu, maji ya karibu na ufukwe hutulia, kwa sababu wimbi linahitaji nafasi ya kukua. Kadiri unavyosogea mbali ndivyo upepo unavyopata uwanja, na mawimbi yanavyopanda. Na ukiwa nao mgongoni huusikii. Babu yangu, aliyekuwa baharia wa jahazi Pangani, aliuita upepo wa tanga mbili, na alisema ndio unaowalevya mabaharia wageni: unakwenda mbali bila jasho, ukageuka ndipo unapoona umefika wapi.

Tulikwenda kaskazini-mashariki, tukicheka, tumekaa ubavu kwa ubavu kwenye benchi la nyuma kama maharusi. Tukazima mashine, tukaelea. Viwimbi vidogo viliuvunja mwanga wa jua, na hiyo ndiyo raha ya walleye: macho yake yanaona vizuri penye mwanga hafifu, kwa hiyo maji yakichafuka kidogo hutoka kula. Nilimpata mmoja. Tukamrudisha, maana kanuni za ziwa hili juu ya samaki wa kuchukua hubadilika mara kwa mara na sisi tulitaka picha tu.

Saa tano hivi upepo ulikata. Kimyaaa. Nikaangalia kaskazini-magharibi nikaona utepe mweusi wa wingu, na chini yake maji yamebadilika rangi. Mtoto wa Pangani haambiwi hiyo ni nini. Lakini mume wangu alikuwa anahangaika na ndoano, nami nilishazoea kutomwambia kitu. Nilijua, nikanyamaza.

Upepo ukageuka

Haikuchukua dakika 15. Baridi ilitupiga kwanza, halafu upepo, halafu mapovu meupe kila mahali. Mapovu yakianza kuonekana kwa wingi, upepo unakaribia kilomita 20 kwa saa au umepita. Kwa meli si kitu. Kwa mashua yetu ilikuwa habari nyingine, kwa sababu mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamesogeleana. Hujamaliza kushuka moja, jingine limeshafika.

Mume wangu akawasha mashine akaelekeza moja kwa moja kwenye kibanda chetu, kusini-magharibi. Kosa. Upepo ulikuwa unatoka kaskazini-magharibi, kwa hiyo tulikuwa tunaupa ubavu. Wimbi la tatu liliingia ndani. Maji ya baridi, ya ziwa ambalo mwezi mmoja nyuma lilikuwa barafu, yakatufika kwenye vifundo vya miguu.

"Bwana wee, geuza omo! Usilipe wimbi ubavu!"

"Nyumbani ni kule!"

"Kule hatufiki!"

Akaongeza moto, nami nikashika mkono wa mashine, mashua ikayumba. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Niliuachia. Nikamwambia polepole, "Wewe shika mashine. Mimi nitakuwa macho yako. Twende panapotulia, siyo tulikotoka."

Alinitazama. Halafu akageuza omo.

Panapotulia ni upande ule ule upepo unakotoka, ufukwe wa Garrison. Ndiyo, unaukabili upepo ili uukimbie. Lakini tulikuwa wawili nyuma, mashine nayo nyuma, omo imeinuka juu kama pua ya mtu mwenye madaha, na kila upepo ukivuma unaisukuma pembeni. Alumini ni nyepesi, haina uzito wa kubishana na upepo. Uzito ni nyinyi wenyewe. Nikainama, nikatambaa mpaka benchi la kati, nikavuta na sanduku la barafu. Sikwenda omo kabisa, kwani omo ikilemewa inachimba wimbi badala ya kulipanda. Mara moja mashua ikatulia, ikaanza kusikia mkono.

Kuanzia hapo tukafanya kazi. Hatukuyaendea mawimbi uso kwa uso, wala ubavu. Tuliyakata mshazari, kidogo kushoto, halafu kidogo kulia. "Kubwa linakuja. Moto kidogo. Panda. Sasa punguza!" Moto wa kupanda, kupunguza kileleni, usije ukaruka ukadondoka kwa kishindo upande wa pili. Kubadili upande tulisubiri mawimbi madogo yanayofuata yale makubwa. Huku nikifua maji kwa kopo. Jaketi za kuokolea maisha tulikuwa tumezivaa tangu asubuhi, na kamba ya kuzimia mashine ilikuwa imefungwa kwake. Hayo mawili tu ndiyo tuliyofanya sawasawa kuanzia mwanzo.

Ilikuwa karibu saa nzima. Halafu, bila kutangaza, mawimbi yakaanza kufupika. Miti ikaonekana mmoja mmoja. Mita kama 100 kutoka ufukweni maji yalikuwa yametulia, upepo ukipita juu ya vichwa vyetu.

Barua

Akazima mashine. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na yangu pia.

"Uliliona lini lile wingu?"

"Saa tano."

"Mbona hukusema?"

"Nimesahau namna ya kukwambia vitu."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Basi niambie. Na mengine."

Nikamwambia. Kulikuwa na barua ya kazi kutoka Dar es Salaam niliyoificha kwenye mkoba wiki tatu. Nilikuwa nimeogopa atasema nenda, na nikaogopa zaidi atasema baki. Alisikiliza akifua maji yaliyobaki, kopo baada ya kopo, muda mrefu baada ya mashua kukauka. Hatukuamua kitu siku ile. Tulirudi kibandani taratibu, tukiambaa ufukwe kwenda kusini. Safari ikawa ndefu mno, lakini kavu.

Barua tuliijibu mwezi uliofuata, tumekaa meza moja: hapana, kwa sasa. Naye aliomba zamu yake ya usiku ibadilishwe, akapewa. Siku hizi tunakula chakula cha jioni pamoja. Tukikorofishana, mmoja wetu husema, "Ubavu!" na mwingine anacheka, apende asipende.

KABLA HAMJAWASHA MASHINE

• Tazameni utabiri wa upepo wa siku nzima, siyo wa asubuhi tu. Mkiweza, anzeni safari kwa kuukabili upepo, ili uwarudishe mkiwa mmechoka.

• Upepo ukikata ghafla na wingu jeusi likajitokeza, msishangilie utulivu. Fungeni ndoano muondoke.

• Gawaneni uzito. Dereva yuko nyuma; mwenzake akae kati, chini, wala asisimame.

• Mawimbi ya mbele yakateni mshazari. Yakiwa mgongoni, endeni na mwendo wake. Mkilipita wimbi kwa kasi, omo itajichimbia kwenye lililo mbele.

• Nanga ifungwe omo, kamwe isifungwe nyuma. Nyuma kuna mashine, ukuta ni mfupi, na wimbi litaingia.

• Mashua ndogo za kisasa zimeundwa zielee hata zikijaa maji. Ikipinduka, ing'ang'anieni, msijaribu kuogelea hadi ufukweni.

• Atakayeona wingu kwanza, aseme.