Jiko Lisilale Nawe

Tanga,
Mwezi wa Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Nimesoma ulivyoniandikia kuhusu baridi ya Njombe, na kwamba jioni unaingiza jiko la mkaa chumbani, unafunga dirisha na kuziba upenyo wa mlango kwa kitenge. Nilipofika hapo nikachukua kalamu, maana jambo hili halisubiri.

Nami niliishi huko nikiwa kijana. Usiku mmoja wa Julai, mimi na mwenzangu tuliingiza jiko ndani. Tulijiona waangalifu: tulilipepea nje mpaka moshi ukaisha, makaa yakakolea mekundu. Alfajiri niliamka kichwa kikinigonga, tumbo likichafuka. Nilipotaka kusimama, magoti yaligoma. Nilitambaa hadi mlangoni, nikaufungua, nikaangukia nje. Mwenzangu alitolewa na majirani akiwa hajitambui. Hospitali walimpa oksijeni, akapona. Usingizi ungenizidi kidogo tu, leo usingekuwa na mjomba wa kukuandikia.

Daktari alitueleza kwamba makaa, hata yasiyotoa moshi, hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, hushika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka, lakini moyo na ubongo vinakosa pumzi. Moshi ungekuwasha macho ukakimbia. Hewa hii haiwashi macho wala koo, na aliyelala huzidi kuzama usingizini.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Pika nje, uote moto nje barazani, na jiko lisirudi ndani mpaka makaa yazimike kabisa. Usitegemee sufuria ya maji juu ya jiko. Maji hayainyonyi hewa hii. Dirisha lililoachwa wazi kidogo nalo halitoshi. Umeme ukikatika, jenereta ikae nje, mbali na milango na madirisha. Na ikitokea wote mliomo ndani mnaumwa kichwa, mnapata kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, msikimbilie kusema ni malaria. Tokeni nje kwanza, kisha muende hospitali mkaeleze kwamba kulikuwa na jiko chumbani.

Nimekutumia kwa basi mablanketi mawili mazito. Yakifika nijulishe, na uniambie pia usiku huo jiko limelala wapi.

Akupendaye,
Mjomba wako