Kompyuta Ndogo na Mipaka Yake

Katika hosteli nyingi za wanafunzi hapa Kampala, wawili hugawana chumba na meza moja. Ndiyo sababu nilinunua kompyuta ndogo ya mezani, Lenovo ThinkCentre M710q, iliyokwisha kutumika ofisini. Ina sentimita 18 hivi kila upande na unene wa 3.5, hivyo hukaa kando ya kamusi bila kumsumbua mwenzangu.

Kwa bei ile nisingepata kompyuta mpakato yenye nguvu sawa. Prosesa yake imeundwa kwa wati 35, ilhali nyingi za kompyuta kubwa huanzia 65. Kwetu sisi tunaochangiana umeme wa kulipia kabla, hilo si haba. Skrini au kibodi ikiharibika, nabadilisha hiyo tu.

Hata hivyo, udogo una gharama yake. Haina betri, umeme ukikatika, kazi ambayo hujaihifadhi imepotea. Feni yake ni ndogo, kwa hiyo kazi nzito ikiendelea muda mrefu joto hupanda na prosesa hupunguza kasi. Unaweza kuongeza RAM na kubadilisha diski, lakini kadi ya kawaida ya grafiki haina pa kukaa, na adapta ya wati 65 haiwezi kuilisha.

Mimi mipaka hiyo hainibani. Nanakili mahojiano na kuandika tasnifu yangu ya Kiswahili, basi. Anayenitia mawazo ni mdogo wangu aliye kidato cha sita. Anataka kusomea usanifu majengo, na baba amekwisha kuamua kwamba nikihitimu nitamwachia kompyuta hii. Programu za kuchora majengo kwa pande tatu zitailemea.

Nimemshauri baba tuiuze, tuongeze pesa kidogo, tumnunulie kijana kompyuta kubwa ya mtumba yenye nafasi ndani. Baba akauliza, "Kwani hiyo si kompyuta?" Swali lake ni la haki, maana ada ya watoto wawili inamwelemea. Likizo ijayo nitaibeba hadi nyumbani. Kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu moja tu. Nitakifungua mbele yake, aone mwenyewe jinsi ilivyojaa, kisha tufanye hesabu pamoja.