Bundi Mdogo wa Arabuko-Sokoke

Mtu atokaye Kilifi kwenda Malindi huona msitu mkubwa upande wa kushoto kabla hajafika Gede. Huo ndio Arabuko-Sokoke, nao eneo lake ni kilomita za mraba 420 hivi. Ukiingia ndani sana utaipita mirihi juu ya mchanga mweupe. Kisha udongo hugeuka kuwa mwekundu, na mifunda husongamana. Humo hukaa bundi ambaye uzito wake ni gramu 50 hivi, yaani kama yai la kuku. Wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka 1966, na nje ya msitu huu ajulikana mahali pachache tu, kama Dakatcha na chini ya milima ya Usambara Mashariki.

Mchana hulala kichakani, mara nyingi mume na mke tawi moja, wala si juu sana. Wako wa kijivu, wa kahawia na wekundu. Utadhani ni majani makavu. Usiku hupiga mluzi mwororo, tena na tena, na kuwinda wadudu kama mbawakawa na nyenje.

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa ya kuwa bundi akilia karibu na nyumba, msiba waja. Jina babewatoto peke yake lawatia akina mama hofu. Lakini bundi humwita mwenziwe na kulinda makao yake. Hana habari na mgonjwa wa mtu. (Na yule wa shambani apigwaye mawe, ndiye alaye panya wanaotumalizia mahindi.)

Siku hizi wageni huja kumtazama huyu mdogo. Yafaa kwenda na kiongozi ajuaye msitu, watu wachache, tukinena polepole. Tawi lisikatwe ili picha itoke vizuri, maana ndilo kivuli chake. Wala taa kali isielekezwe machoni pake. Lililo baya zaidi, kwa maoni yetu, ni kupiga sauti yake iliyonaswa katika simu. Dume hudhani mwingine amekuja kumnyang'anya makao, huacha kuwinda, huja kutafuta adui asiyekuwapo. Kikundi kimoja kikifanya hivyo, na cha pili, na cha tatu, usiku wake umekwisha bure.

Akijinyoosha hata awe mwembamba kama kijiti, ametuona. Hapo turudi nyuma taratibu, hata kama picha haijapatikana.